Jacob Riis, Mpiga Picha wa Gizani

Katika majarida kama haya tumezoea kusoma maisha ya wanasiasa, wanariadha na waandishi wa riwaya. Mimi nimeamua kuwaletea mtu wa kamera. Jina lake ni Jacob August Riis, na huko New York, Marekani, kuna ufuo wa bahari na mtaa mzima wa nyumba za kupanga ulioitwa kwa jina lake. Kilichonivuta kwake si sifa hizo. Picha zake nyingi ni za watu waliopanga chumba kimoja, baba, mama, watoto na jiko humo humo, na mimi pia ni mtoto wa chumba kimoja. Nilipoziona mara ya kwanza nilijiuliza swali moja tu: ni nani aliyemwambia huyu mzee karibu?

Riis alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji mdogo wa Ribe, nchini Denmark. Babake alikuwa mwalimu mwenye watoto wengi, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Mzee alitaka mwanawe awe msomi, lakini kijana akashika randa na msumeno, akawa seremala. Kuna kisa kimoja cha utotoni mwake ambacho nakipenda. Mjini kwao palikuwa na jengo bovu walimokaa maskini. Krismasi moja Jacob alipewa sarafu ya fedha, akaipeleka yote kwa familia moja ya humo. Lakini hakuitoa hivi hivi. Aliweka sharti kwamba wasafishe nyumba na kuwatengeneza watoto. Msomaji, hebu kishike kisa hicho, maana ndivyo alivyoishi maisha yake yote. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na daima ilikuja na sabuni mkononi.

Akiwa kijana alimpenda msichana aliyeitwa Elisabeth, aliyelelewa katika nyumba ya tajiri mwenye kiwanda. Seremala na binti wa tajiri wapi na wapi! Alikataliwa. Basi mwaka wa 1870, akiwa na umri wa miaka 21, alipanda meli akaenda kutafuta bahati Marekani, kidanini amehifadhi kishungi cha nywele za Elisabeth.

Bahati yenyewe haikumngoja bandarini. Alifanya useremala, akachimba makaa ya mawe, akafinyanga matofali, akachuuza pasi nyumba kwa nyumba. Kuna siku alilala makaburini na kuna siku alikula makombo. Usiku mmoja wa mvua, akifuatwa na kijibwa alichokuwa amekiokota njiani, alienda kuomba malazi katika kituo cha polisi cha barabara ya Church. Zamani hizo vituo vya polisi vya New York vilikuwa na vyumba vya chini walimolala watu wasio na makao, wamelundikana juu ya mbao kama magunia. Mbwa alikatazwa kuingia, akabaki nje mvuani. Usiku ule ule kidani cha dhahabu kikaibwa. Asubuhi Riis alipolalamika, mkubwa wa zamu alimwona yeye ndiye mwizi, kwani hohehahe kama yule angetoa wapi dhahabu? Akatupwa nje. Kile kijibwa kilipoona bwana wake anasukumwa, kilimrukia bawabu na kumuuma. Bawabu alikikamata miguu akakipigiza kwenye ngazi za mawe hadi kikafa. Riis hakusahau. Nitawaambia baadaye alilipiza vipi.

Mwaka wa 1873 alipata kazi ya uandishi wa habari, na mambo yakaanza kumnyookea. Alilinunua gazeti dogo la Brooklyn, akamaliza madeni, akaliuza kwa faida. Huko nyuma mchumba wa Elisabeth alikuwa amefariki. Riis alirudi Ribe, na mwaka wa 1876 wakafunga ndoa katika mji ule ule alimokataliwa. Mvumilivu hula mbivu, wahenga hawakukosea.

Waliporudi Brooklyn fedha zilianza kupungua, na hapo ndipo taa inapoingia katika habari hii. Riis alinunua taa ya mazingaombwe. Jina hilo lisiwatishe, hapana uchawi. Nyanya yangu hunisimulia kuhusu gari la sinema lililokuwa likija sokoni kwao, watu wanaketi chini na shuka jeupe limetundikwa. Taa ya mazingaombwe ndiyo nyanya wa sinema. Ni sanduku lenye mwanga mkali ndani na lenzi mbele. Kati ya mwanga na lenzi unatelezesha kipande cha kioo chenye picha, kisichozidi kiganja, na picha inatokea ukutani imekuwa kubwa kama nyumba. Mwanga wenyewe mwanzoni ulikuwa wa taa ya mafuta. Baadaye wakagundua kwamba ukikichoma kidonge cha chokaa kwa mwali wa gesi za haidrojeni na oksijeni, kinawaka mweupe unaoweza kumulika ukumbi mzima.

Vioo hivyo viliitwa slaidi. Kamera za wakati huo zilitoa picha isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe basi. Aliyetaka rangi ilimbidi apake kwa mkono. Ni kazi ya macho na subira! Fundi alikaa na brashi nyembamba na rangi zinazopitisha mwanga, kwa sababu rangi nzito huziba na kutokea ukutani kama doa jeusi. Anga alilipaka buluu, matofali mekundu, mashavu ya watu waridi kidogo. Kisha kioo cha pili kilifunika cha kwanza ili rangi isikwaruzwe, na kingo zikazungushiwa utepe wa karatasi. Kosa dogo la brashi, unene wa uzi tu, likifika ukutani linakuwa na upana wa mkono. Fikirieni uso wa mtu unaotoshea chini ya ukucha, na huo ndio unatakiwa kupakwa rangi usivuke nywele.

Riis alikuwa na mkusanyiko mzuri wa slaidi za rangi za mandhari. Usiku alizionyesha nje, watu wakakusanyika bure, na kati ya mandhari akachomeka matangazo ya maduka ya Brooklyn. Mlima wenye theluji, halafu duka. Ziwa la kupendeza, halafu duka jingine. Wenye maduka ndio waliolipa. Jamaa alikuwa mjanja! Lakini katika ujanja huo alijifunza jambo ambalo waandishi wenzake hawakulijua: watu waliokaa gizani na kitu kimoja tu chenye mwanga mbele yao hawageuzi macho.

Mwaka wa 1877 aliajiriwa na gazeti la New York Tribune awe mwandishi wa habari za polisi. Ofisi yake ilikuwa barabara ya Mulberry, mkabala na makao makuu ya polisi. Hatua chache kutoka hapo ulianza mtaa wa maskini. Wahamiaji walikuwa wakimiminika New York kutoka Italia, Ireland, Urusi, Ujerumani na China, na wenye nyumba walijenga ghorofa juu ya ghorofa, nyingine uani nyuma ya nyingine, vyumba vya katikati havina dirisha. Wakati huo zaidi ya watu milioni moja waliishi katika nyumba za namna hiyo. Tunaokaa ploti za Nairobi tunazijua hata bila picha: ngazi zenye giza saa sita mchana, kamba za nguo, bomba moja la maji na foleni yake.

Riis aliandika juu ya nyumba hizo miaka kumi. Wasomaji walisoma, wakakunja gazeti, wakanywa chai. Alitaka waone, ila kupiga picha ndani ya vyumba vile kulikuwa muhali, kwa sababu kamera ilihitaji mwanga na mwanga haukuwepo. Asubuhi moja ya mwaka 1887 alikuwa mezani akisoma gazeti, akakutana na habari fupi ya mistari michache kutoka Ujerumani. Wataalamu wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walikuwa wametengeneza unga wa magnesiamu unaowaka ghafla kama radi, ukatoa mwanga wa kutosha kupiga picha gizani. Riis alilibwaga gazeti kwa kelele hata mkewe akashtuka.

Baada ya wiki chache kikosi chake kilikuwa mitaani usiku wa manane. Alikuwa na daktari John Nagle wa idara ya afya, na waungwana wawili waliopenda kamera kwa kujifurahisha, Henry Piffard na Richard Hoe Lawrence. Baadhi ya picha za mwanzo zinazoitwa za Riis ni wao walioshika kamera. Unga uliwekwa katika risasi na kufyatuliwa kwa bastola. Wacha nikueleze ilivyokuwa. Umelala, umechoka, mlango unasukumwa saa nane za usiku. Unaona wanaume wanne wageni na bastola, kisha paa! mwanga unaopofusha na moshi. Ukija kufumbua macho, wameshaondoka. Watu walikimbilia madirishani na kwenye ngazi za nje. Riis mwenyewe aliona haifai, akaiacha bastola na kuanza kuwasha unga katika kikaango, akiamini kikaango kina sura ya nyumbani zaidi. Mara mbili aliunguza nyumba za watu na mara moja alijiunguza mwenyewe. Miwani yake ndiyo iliyomwokoa asipofuke.

Wale marafiki walichoka kukosa usingizi. Akaajiri mpiga picha wa kulipwa, naye akawa mvivu wa kuamka, na juu ya hayo akajaribu kuziuza picha kwa siri. Mwishowe, mwaka wa 1888, Riis alinunua kamera yake mwenyewe kwa dola 25. Picha ya kwanza alienda kuijaribia makaburi ya maskini katika kisiwa cha Hart, ambako majeneza ya wasio na wenyewe yalipangwa ndani ya mtaro mmoja mrefu. Kioo alichokitumia akakirudisha sandukuni pamoja na vingine kumi na kimoja ambavyo havijatumika, akasahau ni kipi. Ikambidi avisafishe vyote kumi na viwili ili akipate kimoja! Nacho kilikuwa kimeingia mwanga kupita kiasi. Yeye akasema moyoni kwamba weusi ule unaifaa huzuni ya mahali.

Picha niliyoitazama zaidi ni ile ya barabara ya Bayard. Chumba kina urefu na upana wa kama mita nne tu, na usiku ule walilalamo watu kumi na wawili, kila mmoja kwa senti tano. Mmoja amefumbua jicho nusu. Vyombo, viatu, sanduku, kila kitu kimebanwa mahali pake. Kwa mgeni ni fujo. Mimi niliona ufundi wa kupanga, kwa sababu chumba kidogo hakivumilii fujo.

Magazeti ya siku hizo hayakuweza kuchapisha picha vizuri, yalizichora upya kwa mkono. Kwa hiyo Riis alirudi kwa taa yake ya zamani. Tarehe 25 Januari 1888 alionyesha slaidi zipatazo 100 mbele ya chama cha wapiga picha wa New York. Alitaka kuzipeleka makanisani, akagonga milango, na hata kanisa alilokuwa shemasi likamkatalia. Akajiuzulu ushemasi papo hapo. Februari hiyo hiyo ukumbi mkubwa wa Broadway Tabernacle ulimfungulia. Tangu hapo alizunguka na sanduku la vioo mwaka baada ya mwaka. Matajiri wa upande ule mwingine wa jiji, ambao wasingekanyaga Mulberry hata kwa kulipwa, sasa walikaa gizani na Mulberry ikawajia ukutani. Wengine walilia, wengine walizimia. Slaidi chache zilipakwa rangi kwa mkono, na nafikiri hizo ndizo zilizowachoma zaidi, kwani tofali jekundu ni tofali la jirani na shavu la waridi ni la mtoto aliye hai. Kitabu chake, How the Other Half Lives, kilitoka mwaka wa 1890 na kumfanya mashuhuri.

Sasa niseme na mabaya, maana maisha ya mtu si sherehe ya kumsifu tu. Katika kitabu hicho Riis aliwasema vibaya Wayahudi, Waitaliano na hasa Wachina, kana kwamba kila kabila limezaliwa na kasoro yake, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji aliyelala juu ya mbao za polisi. Tena, picha za machokoraa waliojikunyata kwenye kona si za usingizi wote. Waliambiwa wafumbe macho, na ukiangalia vizuri kuna anayejizuia kucheka.

Halafu kuna yule mzururaji wa kiko. Riis alimkuta ameketi kwenye ngazi uani, anavuta kiko cha udongo, akampa senti kumi akae apigwe picha. Mzee akakubali, na kabla kamera haijawa tayari akakitoa kiko mdomoni akakitia mfukoni. Kiko hakikuwa katika mapatano! Kikitakiwa, ni senti 25. Riis alilipa, lakini alimwandika kama mfano wa mvivu anayejua kukamua. Hapo mimi na Riis tunaachana njia. Sura ni ya nani? Kiko ni cha nani? Yule mzee ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyepatana bei ya picha yake.

Nasema hivyo kwa sababu. Wageni wenye kamera huja mtaani kwetu pia. Mwaka jana dada yangu mdogo alipigwa picha akitoka kuteka maji. Alikuwa amevaa shimizi kwa vile sare yake ilikuwa kwenye kamba ikikauka, ameifua mwenyewe. Hakuulizwa jina. Baadaye tulisikia picha imeingia katika kalenda ya shirika fulani. Sisi hatujaiona hadi leo, na anayeitazama huko hajui kwamba kulikuwa na sare kambani. Lakini pia sitaki kudanganya. Mwezi uliofuata mtaani kwetu kuliletwa bomba la pili. Kama ni picha iliyolileta, sijui niseme nini, na ndiyo maana nimemsoma Riis mara tatu bila kumaliza kumhukumu.

Maana picha zake zilileta mabomba. Mwaka wa 1891 alifuata mito inayoingia bwawa la Croton, kulikotoka maji ya New York, akapiga picha za vyoo na uchafu wa vijiji ukimwagwa mtoni. Alikuwa ameuliza madaktari kiini cha kipindupindu huishi siku ngapi katika maji yanayotiririka, akaambiwa kama saba, muda uliotosha kabisa kufika mjini. Gazeti lilichapisha, na jiji likanunua ardhi kando ya mito ile ili iwe safi.

Theodore Roosevelt alipokisoma kitabu alienda ofisini kwa Riis, asimkute, akamwachia kadi kwamba amekuja kusaidia. Mwaka wa 1895 Roosevelt aliteuliwa kusimamia polisi wa New York, wakawa wanatembea pamoja usiku. Riis alimpeleka barabara ya Church, kwenye kituo kile, akamsimulia habari ya kidani na kijibwa. Roosevelt alikunja ngumi. Mwaka wa 1896 vyumba vyote vya malazi vya polisi vilifungwa. Ndicho kisasi nilichowaahidi.

Nyumba mbovu kabisa za Mulberry zilibomolewa, na mwaka wa 1897 ikafunguliwa bustani mahali pale. Wakubwa walisahau kumwalika Riis, akaja akasimama nyuma, mpaka mkuu wa usafi wa jiji alipowaambia watu wamshangilie. Ni habari nzuri, ila bustani haina vyumba. Waliokuwa wakipanga pale walibeba magodoro yao wakaenda kujibana kwingine, na kuhama huko hakuna aliyekupiga picha.

Elisabeth alifariki mwaka wa 1905, na baada ya miaka miwili Riis akaoa tena. Moyo ulikuwa umemchosha, lakini aliendelea kusafiri na slaidi zake. Alifariki tarehe 26 Mei 1914 katika shamba lake huko Barre, Massachusetts. Kaburi lake lina jiwe kubwa lisiloandikwa jina.

Dunia ilimkumbuka kama mwandishi na kuzisahau picha. Zilikaa darini katika nyumba yake ya zamani zaidi ya miaka thelathini. Mpiga picha mmoja, Alexander Alland, alimsumbua mwana wa Riis kwa barua mpaka zikatafutwa, na mwaka wa 1946 zikakabidhiwa jumba la makumbusho la jiji la New York. Vilikuwemo vioo vya negativu 412 na slaidi 161, baadhi bado na rangi za brashi. Mwaka wa 1947 zilionyeshwa kwa umma, safari hii zikiwa zimesafishwa vizuri, chumba cha Bayard, watoto wanaojizuia kucheka, na yule mzee uani, kiko chake mdomoni.